Kitanda cha Tarumbeta

2 Februari

Wifi yangu Tarumbeta,

Salamu zikufikie huko kwenye mvuke wenu wa kufulia mashuka ya hospitali. Sisi tu wazima. Kaka yako mgongo unamsumbua, ila ukimwita mezani unapona papo hapo. Mwanao mdogo, huyu kitindamimba wangu, ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa kila sala anaimaliza kwa filimbi. Mama hajambo. Macho ni yaleyale ya kuona vivuli tu, masikio yanazidi kuziba, lakini mdomo mzima kabisa. Bado anauliza kama huko mna kwaya, na kama wamekupa wewe kuanzisha nyimbo. Tujibu basi, maana nimeshakuuliza zaidi ya mara moja nawe unapita pembeni.

Huku mambo ni magumu. Kiwanda cha nguo kimefungwa. Si likizo, kimefungwa kabisa, kufuli liko getini, na waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kiwanda wametolewa nje na vyombo vyao. Parokia imewapokea ukumbini. Wanalala juu ya meza zilezile tulizolia pilau ya harusi yangu, wengine wako jukwaani, na jumuiya zinapokezana kuwapikia uji. Zamu yetu ikifika mimi ndiye nakoroga sufuria kubwa, mabega hayana hamu. Cherehani yangu imefunikwa kitambaa. Nani anashona nguo mwaka kama huu?

Jumapili iliyopita Padre alisimama mbele akasema ukumbi umejaa na watoto wameanza kukohoa, kwa hiyo kila nyumba iseme ina nini: kitanda, mkeka, hata kona ya sebule. Kanisa zima likaanza kutazama viatu. Mwenye duka, unamjua, aliinama kufunga kamba akakaa hukohuko chini. Mara nikamwona mama ananyanyuka, anashika benchi la mbele, anasema, "Mimi nina kitanda. Binti yangu hayupo, kitanda kimekaa bure." Hakuniuliza mimi wala kaka yako. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje.

Kwa hiyo chumbani kwako kuna mtu. Ni mfumaji, alikuwa kwenye mitambo ya kiwanda tangu usichana wake. Ni mjane, hana mtoto, umri wake kama wako. Usiwe na wasiwasi, vitu vyako nimevifungia kwenye sanduku lako chini ya kitanda.

Wifi yako,
Sindano

*

21 Februari

Mpendwa wifi Sindano,

Barua yako imenikuta salama. Chumba cha kufulia ni kilekile, mashuka yanaingia machafu yanatoka meupe, na msimamizi wetu bado hajawahi kucheka. Mwambie mwanangu wa filimbi kwamba shangazi yake anamtumia soksi. Mwambie kaka aache kubeba mawe kama kijana. Mpe mama shikamoo yangu, umwinamie sikioni.

Nimefurahi kwamba mama ana moyo wa huruma. Kweli nimefurahi. Watu wametolewa nje na mvua zinakuja, na anayewafungia mlango asiniambie habari za ekaristi. Hilo nimelisema la kwanza, na naomba ulisome mara mbili, kwa sababu yanayofuata hayapendezi.

Kwa nini kitanda changu? Nyumba ina sebule. Sebule ina kochi ambalo kaka alililalia mwaka mzima kabla hajakuoa, na hakufa. Tena hiyo "kimekaa bure" maana yake nini? Kitanda cha mtu aliyesafiri hakikai bure, kinamngoja mwenyewe. Umeniambia umri wake. Hukuniambia anaongeaje, anakaa upande gani wa meza, anamwitaje mama. Jumamosi jioni ni nani anamsomea mama masomo ya Jumapili? Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa shule. Najua wewe mama hawezi kukusikia, sauti yako ni ndogo. Si lawama, ndivyo ulivyoumbwa.

Hapa tunalala wanne chumba kimoja, wafuaji watupu, na kila mmoja ana picha ya kwao ukutani juu ya kichwa. Mimi sina picha. Nikilala naipanga nyumba ile kichwani tu, kiti cha mama, redio, pazia la kijani, kitanda kimetandikwa. Sasa umeniwekea mtu ndani yake.

Mashuka ya maua asiyalalie. Yako juu ya kabati. Niliyanunua kwa mshahara wangu wa kwanza.

Kuhusu kwaya, kazi ni nyingi.

Wako,
Tarumbeta

*

17 Machi

Wifi yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua zinafikia ofisi ya parokia, na karani siku hizi anagawa unga, barua anazikumbuka unga ukiisha. Soksi zimefika. Moja imeshakuwa mpira. Wote wanakusalimu, na mama anasema marahaba mara tatu.

Mashuka ya maua yalikuwa yameshatandikwa. Mama ndiye aliyeyatoa. Nisikudanganye.

Umeuliza mfumaji anaongeaje. Anapiga kelele. Wafumaji wote wako hivyo, maisha yao yote wanaongea juu ya mitambo, hata akikuomba chumvi utadhani nyumba inaungua. Siku ya kwanza kaka yako alimwaga chai. Lakini mama alitabasamu, wifi. Anasikia kila neno. Mimi tangu masikio yake yaanze kuziba namwinamia, nalipanga neno polepole, na malipo yangu ni "eti?" na "sema usikike, mke wa mwanangu, unanong'ona kama mwizi." Huyu anaongea yuko jikoni, mama anacheka yuko sebuleni. Masomo anamsomea yeye. Anasoma vibaya, majina ya manabii anayavunjavunja, mama anayaunga, wanacheka mpaka mstari unawapotea.

Na si mvivu. Ninaamka namkuta ameshachota maji. Anakwenda ukumbini kukosha masufuria hata siku ambayo si zamu yetu. Kuna mama mmoja huko mwenye watoto mapacha, mfumaji anawabeba mgongoni na kifuani kila siku ili mama yao apate usingizi. Ninatafuta kosa lake silipati, na hilo ndilo linalonichosha kuliko uji.

Sasa kuna jambo, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Mwalimu wa kwaya alimsikia akiimba huku anakosha masufuria, akamwita ajiunge. Hakuwa na joho. Mama akavuta sanduku lako, akatoa la kwako. Lilimbana mabegani, yule ana mabega ya kazi, na mama akaniambia niachie mishono. Nimeachia kidogo tu. Inarudi.

Wifi yako,
Sindano

*

2 Aprili

Sindano,

Salamu kwa wote. Sijambo.

Wewe ndiye uliyeshika wembe. Ulikaa kwenye cherehani ileile, ukafumua mishono uliyoishona mwenyewe, siku ile nilipochaguliwa kuanzisha nyimbo. Ulikuwa na pini mdomoni ukaniambia, "Simama wima Tarumbeta, usijivune kabla sijamaliza." Na jina lenyewe mlinipa ninyi, kwa sababu nikifungua mdomo hata wa benchi la nyuma walikuwa wanaamka. Halafu unaniandikia kwamba mishono inarudi. Hairudi. Huacha vitundu, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Naona wivu. Basi, nimesema. Hata kwa padre wa hapa nimekwenda, nikamwambia namwonea wivu mwanamke aliyepoteza kila kitu, aliyelala juu ya meza. Akanipa sala ya kusema. Nimeisema yote, na wivu uko palepale umekaa umekunja nne. Yeye amepoteza nyumba ya kiwanda, ni kweli, nasikitika. Lakini kuna mahali pameandikwa kwamba alipwe kwa mama yangu?

Nimeomba likizo, nakuja mwezi wa tano. Nikifika naomba chumba kiwe wazi. Mwenye duka ana vyumba vingi kuliko watoto, apelekwe huko. Simfukuzi. Nasema tu kwamba zamu yake imekwisha, na kwenye parokia yetu kila kitu ni zamu.

Mama asiambiwe kwamba nakuja. Joho lipigwe pasi, lirudi sandukuni.

Tarumbeta

*

28 Aprili

Wifi,

Leo salamu ni fupi. Wote wapo, wote wanakula.

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Nilimwomba kaka yako aiandike yeye, kwa kuwa ni mama yake. Akasema yeye mwashi, kalamu haimtii, akatoka nje akakaa kwenye rundo la matofali akanipa kisogo. Kwa hiyo ni mimi.

Mama anamwita mfumaji Tarumbeta.

Mwanzo tulidhani ni utani. Anaita, "Tarumbeta, njoo unisomee," mfumaji anacheka, anajibu "nakuja" na kwenda. Kisha siku moja mama akaanza kumwuliza habari za hospitali. Mashuka ya wagonjwa bado mnachemsha? Msimamizi bado ana kiburi? Mfumaji akanitazama, mimi nikatazama sufuria. Akajibu, "Bado, mama." Tangu siku hiyo anajibu. Usidhani anafurahia. Alinifuata jikoni analia, na kulia kwake unaweza kukukisia, mtaa mzima ulisikia. Akasema, "Dada, mimi si mwizi wa watu. Niambieni niondoke, naondoka leo." Nilikwenda kwa Padre. Akasema mama amelala vizuri miezi hii, anakula, anaimba, na yeye kama padre haoni kwa nini aje amwambie kwamba binti yake hayupo.

Akili ya mama inakwenda na kurudi tangu mwaka jana. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa ungesema simtunzi. Siku nyingine kaka yako anakuwa baba yenu. Mimi nakuwa mtu wa kutoka parokiani aliyekuja kusaidia. Kitu kimoja hakijamtoka: kwamba ana binti mwenye sauti kubwa. Sasa nyumbani kuna mwanamke mwenye sauti kubwa analala kwenye kitanda cha binti huyo. Kwake mambo yote yamekaa sawa.

Na kwa kuwa wewe umesema la moyoni, ngoja na mimi niseme langu. Mama huyu namwogesha mimi. Namkata kucha, namsuka, namwamsha, namlaza. Siku akinishukuru sana ninakuwa "mke wa mwanangu." Huyu amekuja na furushi la nguo na kelele zake, mvua hazijaanza ameshakuwa "mwanangu." Unadhani wembe ule niliushika kwa raha? Niliushika nimefura. Na nusu ya hasira ile, bora nikwambie, ilikuwa juu yako wewe, kwamba hata ukiwa mbali huonekani, mtoto ni wewe, na mimi hapa karibu ni mke wa mtu.

Njoo. Chumba nitakitoa, sitabishana nawe. Ukifika simama mlangoni uimbe, hata ubeti mmoja. Akiisikia sauti yako mwenyewe atajua, na mambo yote yatajinyoosha.

Wifi yako

*

9 Juni

Wifi Tarumbeta,

Salamu kutoka kwa wote. Filimbi imekwisha, meno yameanza kuchungulia. Kaka yako amepata kibarua cha kuziba paa la ukumbi.

Mwezi wa tano umepita. Hukuja, hukuandika. Chumba kilikuwa tayari. Mfumaji alihamia kwenye kochi bila kuambiwa, akafua mashuka yako ya maua, akayapiga pasi, akatandika kitanda mpaka kikawa kama cha dukani. Tulikungoja. Nikawa kila asubuhi namkuta amejikunja kwenye kochi, miguu nje, na kitanda kitupu upande wa pili wa ukuta. Nikaona aibu, nikamrudisha. Nakwambia ujue.

Kiwanda hakifunguliwi. Ukumbini wamebaki wachache. Mwenye duka hatimaye amechukua familia nzima pamoja na kuku wao, na sasa kila akisimama kwenye mkutano wa jumuiya anajisifia mayai kama yeye ndiye anayeyataga. Kuna nyumba zimenuniana kwa sababu mgeni wa huyu anafagia na mgeni wa yule halisogezi hata kopo. Huruma nayo ina mashindano yake, sikujua.

Ila ninachotaka kukuandikia ni hiki. Jumapili moja mwezi uliopita mimi nilikuwa ukumbini kwenye uji, mfumaji yuko mbele na wanakwaya, mama kakaa benchini peke yake. Misa ilipokwisha nilikwenda kumchukua, nikamkuta anageuka huku na huku anapapasa benchi. Akaniambia alikaa na mgeni. Mwanamke, sauti imekauka, viganja vigumu vinanuka sabuni. Amemkaribisha nyumbani, naye ameondoka kabla ya baraka ya mwisho.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Jioni lazima mgeni apakuliwe sahani. Jumapili mama anaweka mkoba wake pembeni yake benchini kumshikia mtu huyo nafasi, na katekista alipotaka kukaa aliambiwa atafute pengine. Anasema, "Yule hana mahali, na anaona haya kusema." Vingine vyote vinamtoka. Juzi alisahau kama ameshakula, na kijiko bado kiko mkononi. Lakini mgeni yule hamsahau.

Viganja vinavyonuka sabuni, wifi. Mimi ni fundi wa nguo. Nikipewa vipande viwili vya kitambaa kimoja najua vimetoka jora moja. Sikuulizi kitu. Nakuandikia tu.

Sindano

*

25 Juni

Wifi Sindano,

Wasalimie wote. Kaka apakwe mafuta ya moto mgongoni kabla hajapanda paa la watu. Mwanangu mwambie soksi nyingine zinakuja, na safari hii zote mbili ni za miguuni.

Nilikuwa mimi.

Sauti yangu imekwisha. Hilo nilipaswa kukuandikia kila ulipouliza habari za kwaya, nikawa napita pembeni kama ulivyosema. Ule mvuke na dawa za kufulia vimenila koo. Daktari wa hapahapa aliniangalia akaniambia nisiimbe tena, nisimwite mtu aliye mbali, niongee chinichini. Kwaya niliiacha mwaka jana. Tarumbeta limebaki kuwa jina la kutia sahihi tu. Ulipoandika nisimame mlangoni niimbe, nililia mbele ya mashine mpaka yule msimamizi asiyecheka akaniletea chai.

Nilikuja hata hivyo. Nilijiambia labda mama atanijua kwa kunigusa. Basi lilifika asubuhi ya Jumapili, kengele inalia, nikaenda kanisani moja kwa moja na begi langu. Nikamwona benchini peke yake, na gauni lake la kijivu, nikakaa kando yake kimya. Kwaya ikasimama. Yule mwanamke akaanzisha wimbo, na joho langu limemkaa vizuri, mkono wako haukosei. Nikatafuta kosa, kama wewe. Nilingoja sauti impotee kwenye ubeti wa tatu, pale pagumu. Haikumpotea. Mama akanigusa mkono akaniambia, "Unamsikia huyo? Huyo ni binti yangu. Alikuwa mbali, amerudi."

Ule wivu wa kwenye barua zangu ulikuwa mchezo wa watoto. Ningeweza kwenda mbele nikamvua joho lile mbele ya Padre na watu wote. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili mpaka wimbo ukaisha.

Padre akasema tutakiane amani. Mama akanigeukia, akavishika viganja vyangu vyote viwili. Nikasema, "Amani kwako, mama." Akatega sikio. Nikarudia, kwa sauti hii hii niliyonayo. Akaniangalia sana kwa yale macho yake, nikasema moyoni, sasa. Akasema, "Amani kwako, mgeni. Una pa kulala?"

Hakuna aliyemtuma aulize. Alisikia sauti iliyokauka, akagusa mikono ya kazi, akajua huyu ni mmoja wa watu wa kiwanda. Akaninong'oneza, huku Padre anaendelea, "Usione haya, hata wengine walianza hivyohivyo. Kitanda kimepata mwenyewe, lakini sebuleni kuna kochi. Nina mabinti wawili nyumbani, mmoja anaimba, mmoja anashona. Yule wa kushona atanung'unika kidogo, halafu atakupakulia kuliko wote."

Ndivyo alivyosema, wifi. Mabinti wawili. Hakusema mke wa mwanangu. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile sikulituma, kwa sababu nilikuonea wivu na wewe pia. Sasa nalituma, ni lako, alilisema kwa mdomo wake na akili yake siku hiyo ilikuwa na amani.

Niliondoka kabla ya baraka. Nilipita nje ya ukumbi, nikakuona kwa mgongo unakoroga sufuria, umemkemea mtu aliyeruka foleni kisha ukamwongezea. Nilitaka kukuita. Koo halikutoa kitu, nikaenda zangu kituoni.

Huku nimefua mashuka na kulifikiria jambo hili mpaka limenichosha. Mimi nilitaka mama ajue kwanza ni nani, ndipo anipokee. Yeye aliniuliza nina pa kulala kabla hajaniuliza jina. Nimekasirika, nimejihurumia, nimetafuta wa kumlaumu, na kila nikimaliza nakuta swali lake bado liko palepale linangoja.

Jibu langu ni kwamba sina. Mwambie mama kwamba mgeni wake amepata ujumbe, anakuja. Kazi hapa naiacha mwisho wa mwezi ujao, koo haliwezi tena. Nitalala kwenye kochi. Mfumaji asitoke kitandani, na mwambie nimesema mimi, asije akaanza tena kulia mtaa mzima. Lakini msinitake niwe mtakatifu. Mashuka ya maua yako mawili, moja ni langu. Joho abaki nalo. Mishono usiirudishe, utaliharibu.

Mama asiambiwe mimi ni nani. Akili yake ikirudi siku moja ataniona nimekaa hapo. Isiporudi, nitakuwa yule mgeni mwenye sauti kavu anayemfulia nguo, na sahani yangu imeshawekwa.

Ila mfundishe mfumaji jambo moja. Umeandika kwamba mama akiita Tarumbeta, anajibu "nakuja." Mimi sijawahi kumjibu mama hivyo. Tangu mdogo nilikuwa naitika "abee mama," na silabi ile ya mwisho naivuta mpaka nimefika mbele yake. Aivute hivyohivyo, mama anaipenda. Na siku zile za mwanzo, nikijisahau nikaitika na mimi kutoka kwenye kochi, msinicheke. Mama hataisikia.

Wifi yako